Chumba Wasichoingia Wana

Nsimire aliingia uani kwangu akikimbia, mkono wake wa kushoto ukining'inia kama nguo iliyoraruka, na damu ikimtiririka vidoleni na kudondokea majani ya muhogo aliyokuwa bado ameyakumbatia kifuani. Nilikuwa nimepiga magoti jikoni nikipuliza moto wa chai ya asubuhi. Nilipoinua kichwa niliuona mfupa.

"Mama, banakuya," alisema. "Banataka kuniua."

Nilikwisha kukizoea Kiswahili chake cha Kivu, na hata nisingekizoea ningeelewa. Sauti zao zilikuwa tayari zimefika migombani. Nilisikia jina la Ogari likitajwa, kisha neno "mchawi" likirudiwa na watu wengi kwa pamoja, kama kiitikio cha kanisani.

Nilimshika mkono uliokuwa mzima, nikampitisha sebuleni, nikamwingiza chumbani mwangu, nikamkalisha sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Nilivua kitambaa cha kichwani nikaufunga mkono wake kwa nguvu hata akauma meno.

"Kaa hapa," nilimwambia. "Usitoke, hata ukisikia ninakufa."

Ogari alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, Angwenyi. Ogari tulikuwa tumemzika juzi yake. Alikufa kwa ugonjwa wa ini baada ya kuvimba tumbo muda mrefu, na kama ilivyo desturi ya watu wetu, hakuna aliyeridhika na maelezo ya daktari. Kaburi bichi kwetu hulindwa. Wana wa marehemu hukesha kando yake wakiwa na mapanga, kwa kuwa inaaminika kwamba wachawi huja kuufukua mwili. Nayo ardhi yetu hapa ukingoni mwa Manga imegawanywa na kugawanywa tena, hata mtu huzikwa karibu na mpaka wa jirani kwa kukosa mahali pengine. Kaburi la Ogari lilichimbwa karibu na mihogo yangu.

Sisi huila mizizi ya muhogo. Majani huwaachia mbuzi. Kwao Nsimire majani hayo ndiyo mboga yenyewe. Huyatwanga kinuni, huyachemsha hadi ukali wake uishe, kisha huyaunga kwa karanga. Alikuwa na mazoea ya kuyachuma kunapopambazuka, kabla hatujaenda kuchuma majani chai. Alfajiri ile Ochoki, mwana mkubwa wa Ogari, alizinduka katika usingizi wake kando ya kaburi, akamwona mwanamke mgeni ameinama katika ukungu, akichuma majani yasiyoliwa na mtu. Hakumwuliza neno. Alimkata kwa panga.

Nilitoka nikasimama mlangoni. Walikuwa wamekwisha kuingia uani: wana wa Ogari, binamu zao, majirani waliokuwa wakienda kukamua ng'ombe, wanawake wenye vikapu vya chai mgongoni. Mmoja alikuwa akibingirisha gurudumu kuukuu la gari. Ochoki alikuwa mbele. Panga lake lilikuwa na damu, na nyasi za kaburini zilikuwa bado zimemganda magotini.

"Mama, mtoe," alisema.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Damu inaonekana mpaka mlangoni pako."

"Damu uliyoimwaga wewe. Ulimwuliza anafanya nini?"

"Mchawi huulizwa?" mwanamke mmoja alidakia kutoka nyuma. "Alikuwa akichuma dawa kwenye kaburi!"

"Alikuwa akichuma mboga."

Walicheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliokesha.

"Mboga!" alisema yule mwenye gurudumu. "Mama Bitutu amezeeka kweli. Kesho atatuambia wanakula na migomba."

Jiwe la kwanza lilipita juu ya bega langu likavunja kioo cha dirisha. La pili lilinipata kwenye paji la uso. Nilihisi joto likiteremka hadi kwenye nyusi, nikashika mwimo wa mlango nisianguke, na kabla sijapata kuona vizuri walikuwa wamekwisha kunisukuma na kuingia ndani. Walipindua meza. Walivunja kabati la vyombo kwa mateke, vikombe vya harusi yangu vikapasuka chini ya miguu yao. Mmoja alichana godoro la kochi, kana kwamba mwanamke mzima angeweza kujificha humo. Kisha Ochoki akafika kwenye mlango wa chumba changu cha kulala, ambao hauna ubao, una pazia tu, na hapo akasimama.

Wote walisimama.

Kwetu mwana aliyetahiriwa haingii katika chumba anacholala mama yake. Ochoki ni mwana wa shemeji yangu, kwa hiyo ni mwanangu. Na kila mwanamume wa rika lake katika ukoo ule ni mwanangu vilevile. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Mwanamume aweza kuwa mlevi, aweza kuwa mwizi wa ng'ombe, lakini pazia lile halifunui. Nilijua hivyo nilipomwingiza Nsimire humo.

Nilipita katikati yao nikajifuta damu kwa ukingo wa gauni, nikasimama mbele ya pazia.

"Mtoe, mama," Ochoki alisema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mtoe mwenyewe. Pazia tu hilo. Pita."

"Usinifanyie hivyo."

"Nimekufanyia nini? Umevunja vyombo vyangu vyote. Je, pazia limekushinda?"

Nyuma yake mtu alicheka. "Ochoki, ingia!"

"Ingia wewe!"

"Mimi? Huyo ni mama yangu kama alivyo mama yako."

"Amemla baba yangu," Ochoki aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa moto wa kaburini na kwa machozi. "Unamficha mtu aliyemla shemeji yako."

"Baba yako aliuawa na ini. Daktari alikuambia, nami nilikuwepo."

"Daktari huona ini. Hamwoni aliyelitia ugonjwa."

"Na huyu alikuwa wapi tumbo la baba yako lilipoanza kuvimba? Alikuwa bado katika kambi ya wakimbizi."

"Wachawi husafiri."

Nilijibana zaidi mbele ya pazia, bega likiegemea mwimo.

Wakati huo aliwasili Mogaka, naibu wa chifu, akiwa amevaa shati lake la kaki juu ya suruali ya kulalia. Mogaka ni mtoto wa dada yangu. Alikuja hadi kwenye mlango wa sebule, akaitazama sakafu iliyojaa vigae, akayatazama mapanga, wala hakumwamuru mtu yeyote atoke.

"Nimewaita polisi," aliniambia.

"Umewaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba kuna mkimbizi asiye na kibali hapa, na kwamba watu wanataka kumchoma."

"Kwa mpangilio huo?"

"Kwa mpangilio huo ndipo watakuja haraka, mama."

Nyuma ya pazia nilisikia Nsimire akivuta pumzi. Alikuwa amesikia.

Inafaa nieleze kwa nini pumzi ile ilinichoma kuliko jiwe. Nsimire alikimbilia Kenya baada ya mumewe kuchinjwa mbele yake, katika vijiji vya milima ya juu ya Bukavu. Alipelekwa katika kambi ya kaskazini, nako aliishi miaka kadhaa kwa chakula cha mgawo, hadi mgawo ulipopunguzwa na wakimbizi wakatengwa kwa makundi, yeye akawekwa katika kundi la wanaodhaniwa wanaweza kujilisha. Lakini hakuondoka kwa njaa. Aliondoka kwa sababu siku moja, katika foleni ya maji, alimwona mtu aliyemchinja mumewe. Naye alikuwa amejiandikisha kuwa mkimbizi. Mtu yule alimtazama, akatabasamu, akapitisha kidole shingoni. Nsimire aliomba ahamishwe. Aliambiwa asubiri. Usiku wa pili kamba za mlango wake zilikatwa.

Alipewa kibali cha kutoka kambini kwa ajili ya matibabu, akatoka, asirudi. Mwanamke mmoja wa kanisa letu alimleta kwangu, nami nikampa chumba cha nyuma na kazi ya kuchuma chai. Kibali kilipokwisha tulikwenda mjini, mimi, yeye na huyu Mogaka. Afisa wa kwanza alitueleza kwa upole kwamba sheria mpya inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kuishi na wenyeji. Tulifurahi. Afisa wa pili alitueleza kwamba ruhusa hiyo hutolewa kambini, kwa mwombaji aliyekwenda mwenyewe. Nilimwambia kwamba mwombaji huyu akienda mwenyewe atauawa. Akasema jambo hilo nalo huripotiwa kambini. Na hata kama angetaka kwenda, njiani kuna vizuizi vya polisi, na asiye na kibali hukamatwa. Tulirudi Manga. Siku hiyo nilimwahidi Nsimire jambo moja: kwamba maadamu ninaishi, hatapanda gari la polisi.

Sasa polisi walikuwa njiani.

"Watampeleka kambini," nilimwambia Mogaka. "Unajua nani yuko kambini."

"Najua. Lakini kule atafika. Hapa hatafika adhuhuri."

Ochoki hakuwa akitusikiliza. Alikuwa akinong'onezana na wenzake, na nilipomsikia akimtaja Anyona, nilielewa kabla ya wengine kuelewa. Anyona ni mwana wa Ochoki, kwa hiyo ni mjukuu wangu. Mwiko wa pazia haumhusu mjukuu. Mjukuu ni mtani wa nyanya yake; hulala chumbani mwake akiwa mdogo, na akiwa mkubwa huingia kuchukua anachotaka. Anyona aliendesha bodaboda sokoni Magwagwa, naye alikuwa uani wakati ule akinyonya petroli kutoka kwenye pikipiki yake kwa mrija.

Alikuja akitema mate yenye petroli. Alikuwa kijana mpana, mwenye ndevu changa, na tangu azaliwe alikuwa akiniita mke wake.

"Mke wangu," alisema, "nipishe."

"Mume gani huyu anayekuja kwangu na panga?"

Baadhi yao walicheka. Hata yeye karibu acheke.

"Nipishe, Nyanya. Sitakuumiza. Nataka yule tu."

"Yule alikupikia uji ulipoanguka na pikipiki. Uliumaliza ukaomba mwingine."

"Sikujua alikuwa ametia nini ndani."

"Alitia sukari. Nilikuwepo. Sukari yangu."

"Anyona!" baba yake alifoka. "Umekuja kuposa?"

Anyona alilibana panga kwapani, akanishika mabega ili anisogeze kando. Alinishika kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomponza, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa juu yangu. Mchi wa Nsimire wa kutwangia majani yale ulikuwa umesimama ukutani kando ya pazia. Niliuchukua nikampiga nao kwenye mfupa wa bega. Ulilia kama ukuni mkavu. Alipiga yowe, panga likaanguka, nami nikampiga tena kwenye kiwiko, na mara ya tatu nikamkosa, mchi ukapasua ukuta. Alirudi kinyumenyume akimkanyaga baba yake, ameukumbatia mkono uliokuwa sasa haumtii.

"Nyanya umenivunja!"

"Nimekuvunja. Aje mjukuu mwingine."

Hakuja. Lakini chumba kilikuwa kimebadilika. Ochoki alimtazama mwanawe anayelia, akanitazama mimi, na niliona kwamba katika kichwa chake Nsimire alikuwa amefanya jambo jingine tena: alikuwa ameniingia mimi.

"Amekwisha kumroga," aliwaambia wenzake. "Huyu si mama yetu tena. Leteni petroli."

"Ochoki," Mogaka alisema mlangoni, "humo ndani yumo dada ya mama yangu."

"Basi mwambie atoke."

Walitoka wote hadi uani. Nilisikia petroli ikimwagwa kwenye ukuta wa nyuma, sauti kama ya mtu anayenyunyizia mboga maji. Harufu iliingia kupitia kioo kilichovunjika. Niliingia chumbani. Nsimire alikuwa palepale nilipomwacha, na kitambaa changu kilikuwa kimelowa chote.

"Mama, toka," alisema. "Toka tu, mama. Uniache."

"Nyamaza."

"Basi usiwape polisi. Banichome hapa. Usiwape polisi."

Nilikuwa ninasikia gari likipanda mlima.

Polisi walikuja kwa vishindo, honi ikilia tangu barabarani, na kabla gari halijasimama mmoja wao alifyatua bomu la machozi katikati ya ua. Watu walitawanyika wakikohoa hadi kwenye mistari ya chai. Hapo walijikusanya tena, wamefunika nyuso kwa nguo. Sajini aliyeongoza hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa na Kiswahili cha kazini na mwendo wa mtu aliyeamshwa mapema. Alinikuta sebuleni, nimekwisha kurudi mbele ya pazia.

"Mkimbizi yuko wapi?"

"Ana jina."

"Kibali chake kiko wapi?"

Nilimpa. Alikigeuza upande wa pili, kana kwamba huko palikuwa na tarehe nyingine.

"Kimekwisha."

"Sheria inamruhusu kufanya kazi."

"Inamruhusu akiwa na karatasi. Kwa karatasi hii, huyu ni mtoro wa kambi."

"Ana jeraha hadi mfupani. Aliyemkata ni yule pale, aliyeshika panga. Panga lenyewe bado lina damu. Mkamateni."

Sajini alichungulia uani. Ochoki alikuwa amesimama peke yake mbele ya mistari ya chai, panga mkononi, na nyuma yake watu zaidi ya askari.

"Hao tutawashughulikia," alisema.

"Lini?"

"Mama, nimetumwa kumchukua mtu mmoja. Yuko humo?"

"Usipite hapo. Hicho ni chumba changu."

Alipita. Kwake kilikuwa chumba kama vyumba vingine. Nilimshika mkanda, akanisukuma kwa kiganja kifuani, nikaangukia vigae vya vikombe na kukatwa mkononi. Niliyasikia mabuti yake yakizunguka kitanda. Nsimire alipiga yowe moja refu. Kitanda kilipinduliwa. Kisha sajini akatoka akimburura kwa mguu, askari mwingine amemshika nywele, pamoja na blanketi, shuka na kila kilichokuwa juu ya kitanda kile. Na gauni langu la kulalia lilikuwa limenasa kwenye buti la sajini, naye akatoka nalo hadi nje, mbele ya watu wote, likiburutwa matopeni.

Wana wangu waliliona.

Wale waliokuwa karibu waligeuza nyuso zao kwa haraka, kama waliopigwa makofi. Ochoki hakugeuza. Alilitazama lile gauni, kisha akamtazama sajini. Sauti iliyomtoka haikuwa ile ya alfajiri.

"Umeingia chumba cha mama yetu?"

"Kaa mbali!" sajini alisema.

"Ameingia chumba cha mama yetu!"

Sijui nani alirusha jiwe la kwanza. Lilimpata askari aliyeshika nywele za Nsimire kwenye taya, na niliona meno yakiruka. Baada ya hapo mawe yalikuja kama mvua ya mawe inayoharibu chai yetu. Watu waliokuja kumchoma mwanamke yule walikuwa sasa wakiwapiga waliokuja kumchukua, wakipiga kelele jina langu, na wanawake waliwapa mawe waliyoyakusanya vikapuni mwao. Kioo cha gari kilipasuka. Askari mmoja alianguka, wakamkanyaga. Ochoki alikuwa akimjia sajini mbio, panga juu, akilia machozi kama mtoto, na sajini akafyatua.

Risasi ilimpata Ochoki kwenye paja. Alikwenda hatua mbili zaidi, kisha mguu ukakunjika mahali pasipo na goti, akaanguka kifudifudi juu ya gauni langu.

Anyona ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alikuwa amepiga magoti kando ya baba yake, mkono uliovunjika umening'inia, akijaribu kuziba tundu la damu kwa mkono mmoja. Aliinua uso. Hakumtazama sajini aliyekuwa bado ameinua bunduki. Alimtazama Nsimire, ambaye askari walikuwa wamemwachia karibu na tairi la gari.

"Amemla babu," alisema. "Sasa anamla baba."

Nililiona neno lile likipita katika watu. Lilipita upesi kuliko jiwe. Dhidi ya bunduki walikuwa na mawe tu. Dhidi ya mwanamke aliyelala matopeni walikuwa na kila kitu. Waligeuka. Askari walikuwa wakijitupa garini, dereva amekwisha kuwasha injini, mlango wa nyuma uko wazi. Hawakuwa na haja naye tena. Walitaka barabara tu. Anyona aliinuka na dumu la petroli.

Nsimire alikuwa akitambaa. Hakutambaa kuelekea garini. Alitambaa kuelekea kwangu, kwa kiwiko kimoja.

"Mama, chumbani," alisema. "Turudi chumbani."

Chumba hakikuwepo tena. Pazia lilikuwa chini ya mabuti, na hakuna mwana ambaye angesimama tena mbele ya mlango uliokwisha kuvunjwa na mgeni. Petroli ilimrukia Nsimire mgongoni. Nikaisikia harufu. Nilimwona yule mwenye gurudumu akipapasa mfukoni.

Nilimwinua Nsimire kwa kiuno. Sikujua kwamba nilikuwa bado na nguvu kama zile. Nilimbeba hadi nyuma ya gari lililoanza kusogea, nikamsukuma ndani. Alielewa nilichokuwa nikifanya wakati miguu yake ilipogusa bati, akashika ukingo wa mlango kwa mkono ule mzima.

"Mama, hapana! Uliniahidi! Mama!"

Nilikibandua kidole cha kwanza, na cha pili, na vingine. Cha mwisho nilikivunja. Gari liliondoka likiwa na mlango wazi, mawe yakililiza bati, naye akiniita hadi kwenye kona ya kanisa.

Ochoki hakufa. Hospitalini walimkata mguu juu ya goti. Anyona alifungwa plasta, na hadi leo hanitanii. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mkono wa Nsimire, wala kwa petroli, wala kwa risasi. Mogaka aliandika kwamba palitokea vurugu wakati wa kumkamata mkimbizi haramu, akaniomba nisimlaumu, kwa kuwa maneno hayo ndiyo yaliyokubalika kituoni.

Nsimire ndiye aliyesimama kizimbani, mkono umefungwa bendeji, kwa kosa la kuishi nje ya eneo lililotengwa bila kibali. Hakimu alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti nzuri. Alimwuliza kama ni kweli. Nsimire alisema ni kweli. Niliinuka kutaka kueleza habari za mtu wa foleni ya maji. Hakimu alinisikiliza sentensi moja, kisha akasema kwa heshima kwamba dai hilo lina ofisi yake, na kwamba mahakama hii imeletewa shtaka la kibali peke yake. Aliamuru arudishwe kambini chini ya ulinzi.

Nilimngojea kwenye mlango wa nyuma wa mahakama, karibu na gari. Askari aliniruhusu nimpe shuka na viatu. Kidole nilichokivunja kilikuwa kimevimba.

"Nsimire," nilisema, "wangekuchoma."

"Najua, mama."

"Sikuwa na mahali pengine pa kukuweka."

"Najua." Aliviangalia viatu, akavivaa bila kukaa, akijishikiza kwenye bega langu kama alivyozoea alipotoka shambani na matope. "Wa kwenu walikuwa wengi. Kule ni mmoja. Labda mimi nitamwona mbele, kabla hajaniona."

Askari alimwambia apande. Ngazi ya gari ilikuwa juu na mikono yake ilikuwa na pingu. Nilimshika kiuno kwa mara ya pili, nikampandisha.